Chungu kinachovuka maji

*Wanawake wa Utende hupika, hufunga kanga na kuwapelekea ndugu zao ng'ambo ya ghuba. Kitoweo kilichokuwa moyo wa chungu hicho sasa kinapimwa kwa mzani na kupakiwa kwenye barafu.*

UTENDE, MAFIA

Saa tisa alasiri, mwanzoni mwa Ramadhani, maji yanapanda kwa kasi ufukweni Utende. Mashua iliyolala ubavu mchangani tangu asubuhi imeanza kunyanyuka. Kivulini wameketi wanawake wanaosubiri kuvuka kwenda Chole, na kila mmoja ana sufuria miguuni. Kila sufuria imefungwa kwa kanga, pembe nne zimekutanishwa juu ya kifuniko na kukazwa fundo. Fundo hilo ndilo mkono wa kubebea, na ndilo linalozuia kifuniko kisifunuke mashua ikiyumba.

Ndani mna muhogo wa nazi kwa pweza. Umepikwa tangu adhuhuri, tui likaachwa lishuke mpaka likashika. Hauna mchuzi wa kumwagika. Ng'ambo kuna mama mkwe, shangazi, au dada aliyejifungua juzi na hawezi kusimama jikoni.

Hatua chache kutoka hapo pana mnunuzi, na mzani wake na masanduku ya barafu. Pweza aliyemo ndani ya sufuria angeweza kupanda mzani huo asubuhi. Mwenye sufuria aliamua asimuuze. Uamuzi huo unazidi kuwa mgumu kila bamvua, na ndio uliotuleta Utende.

Moto juu, moto chini

Asiyewahi kukipika chakula hiki atadhani ni kazi ya saa moja. Huanza mapema zaidi, mwambani. Bahari ikipwa, wanawake hushuka na nondo au kijiti kirefu, wakichungulia mashimo. Pweza akipatikana hupigwa mpaka alainike. Asiyepigwa sawasawa huwa mgumu hata akikaa motoni mpaka jioni. Nyumbani huoshwa ute ukaisha, akapikwa kwa maji yake mwenyewe bila chumvi mpaka rangi ikawa ya damu ya mzee.

Muhogo humenywa, ukapasuliwa na kutolewa mzizi wa kati. Nazi hukunwa kwa mbuzi, ikaingizwa kwenye kifumbu na kukamuliwa. Tui la kwanza, zito, huwekwa kando. La pili, jepesi, ndilo linalouchemsha muhogo pamoja na kitunguu, bizari na pilipili mbichi. Muhogo ukianza kuiva hupangwa upya: safu ya muhogo, safu ya vipande vya pweza, safu ya muhogo tena. Ndipo tui zito linamiminwa juu na ndimu ikakamuliwa.

Hapa ndipo mpishi anapojulikana. Tui zito likichemka bila mkono wa kulituliza hukatika, mafuta yakaenda kwao na maji kwao. Kwa hiyo hakuna kuondoka. Upawa huchota tui pembeni na kulirudisha katikati, polepole, muhogo usivurugike. Likishakubali, kuni za chini hupunguzwa, kifuniko kikawekwa, na juu ya kifuniko yakatandazwa makaa ya vifuu vya nazi, kama inavyofanywa kwa wali wa nazi. Sufuria sasa ina moto juu na moto chini. Ndiyo oveni ya pwani, na ilikuwepo kabla ya mtu yeyote hapa kuona oveni ya chuma. Safu ya juu hukauka na kushika rangi, ya chini hushika ukoko, ya katikati hubaki laini.

Chakula cha nazi huchacha upesi katika joto la Mafia, hasa kikiwa na majimaji. Ndiyo sababu kinachopikwa kwa safari hukaushwa kuliko cha kuliwa nyumbani.

> Tui zito likichemka bila mkono wa kulituliza hukatika. Kwa hiyo hakuna kuondoka.

Mwezi ndio wenye ratiba

Mwezi wa Kiislamu hufuata mwezi wa angani, na maji ya bahari nayo hufuata mwezi huo huo. Kwa hiyo kila Ramadhani ratiba ya Utende hurudi ileile. Mwezi ukiandama ni bamvua. Bahari hupwa mno mnamo saa nne asubuhi, mwamba ukabaki wazi, kisha hujaa kabisa kufikia saa kumi jioni. Tofauti kati ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Asubuhi ni ya pweza, mchana ni wa jikoni, na jioni mashua inaelea karibu kabisa na mchanga. Mtu angepewa nafasi ya kupanga saa za kuvua, kupika na kuvusha futari, asingezipanga vizuri zaidi.

Ikifika siku ya saba au ya nane, mambo hugeuka. Ni maji mafu, bahari haipwi sana wala haijai sana, na mwamba wa pweza hauonekani vizuri. Siku hizo chungu huwa na ng'onda, au kunde, au muhogo mtupu na tui lake. Bamvua hurudi na mwezi mpevu, katikati ya mfungo.

Nje ya Ramadhani chungu hakina msimu. Huvuka kwa ajili ya mzazi, mgonjwa, msiba, mgeni aliyefika kwa shangazi bila taarifa, au kwa sababu tu nazi zimeangushwa na mtu amemkumbuka dada yake. Na hakirudi kitupu. Sufuria iliyokwenda na muhogo itarudi siku yoyote na machungwa ya Chole, mayai, au mkungu wa ndizi. Hakuna anayedai, wala hakuna anayesahau.

Visiwa vinavyolishana

Jiografia ya hapa ndiyo iliyoizaa desturi hii. Utende iko upande wa mashariki wa kisiwa kikuu, mwisho wa barabara itokayo Kilindoni, ikitazama Ghuba ya Chole. Mbele yake vimekaa Chole, Juani na Jibondo. Chole ni kidogo na kina miti ya matunda kila upande. Jibondo kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, udongo wake ni haba, na kwa muda mrefu maji baridi yalikuwa ya shida, kiasi kwamba watu wake walizoea kutegemea maji ya mvua na ya kuvusha kwa vyombo. Lakini Jibondo ina wavuvi wa pweza wanaosifika Mafia nzima. Aliye na muhogo mwingi ana pweza wachache, aliye na pweza wengi hana muhogo, na watu wameoana kuvuka maji kwa vizazi vingi. Chakula kimefuata ndoa.

Nazi nazo zina historia yake. Wenye mashamba waligeukia Mafia kupanda minazi, na kisiwa kikawa cha minazi mpaka leo. Mti huo mmoja humpa mpishi wa Utende tui, kuni za makumbi, makaa ya vifuu, upawa wa kukorogea na makuti ya kuezekea jiko.

Kisiwani Juani, kwenye magofu ya Kua, husimuliwa kisa ambacho kila mtoto wa ghuba hii amekisikia. Watu wa Kisimani, upande wa magharibi wa kisiwa kikuu, walijenga jahazi wakawaalika watu wa Kua kwenye sherehe ya kulishusha. Wageni walipofika, watoto wao walikamatwa wakalazwa mchangani, na jahazi likapitishwa juu yao. Kua wakanyamaza miaka saba. Kisha wakawaalika Kisimani kwenye harusi, wakawaandalia karamu katika chumba cha chini ya ardhi, wenyeji wakatoka mmoja mmoja, na mlango ukajengwa ukazibwa.

Kiwe habari ya kweli au la, wazee hawakukitunza kisa hicho bure. Katika visiwa hivi, ubaya mkubwa kuliko wote walioweza kuufikiria ulikuwa mwaliko wa chakula uliosalitiwa. Ndipo mtu anapoelewa uzito wa sufuria inayovuka maji na kupokewa bila wasiwasi, ikafunuliwa na kuliwa.

Dini nayo imeipa desturi hii mzizi. Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muuta mwaka 629, Mtume (S.A.W.) aliwaagiza watu waitayarishie chakula familia yake, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Pwani yote huilea sunna hiyo, ingawa misibani mara nyingi hugeuzwa: wafiwa ndio wanaojikuta wakilisha umati, na masheikh hawajachoka kulikemea hilo. Chungu kinachotoka Utende kwenda kwa wafiwa Juani kinafuata maelekezo ya asili zaidi kuliko matanga mengi ya mijini.

Pweza ni wa nani?

Sasa tuje kwenye mzani.

Pweza alikuwa kitoweo cha wanawake na watoto, waliokwenda mwambani kwa miguu. Soko la nje likambadilisha. Kampuni zinazomgandisha na kumsafirisha Ulaya, ambako Waitaliano, Wahispania na Wareno humla kwa wingi, zimempa bei. Wanaume wenye miwani ya kuzamia wameingia, wakifika kina ambacho mwanamke wa nondo hakifiki.

Kanuni za uvuvi za Tanzania haziruhusu biashara ya pweza aliye chini ya gramu 500. Ni kanuni nzuri, kwa sababu kiumbe huyu huishi kama mwaka mmoja hivi, jike hutaga mara moja tu katika maisha yake na hufa mayai yakishaanguliwa. Anayevuliwa mdogo hajaacha kizazi. Lakini hapa kijijini kanuni hiyo imezaa jambo ambalo walioiandika hawakulikusudia. Pweza mkubwa huenda kwenye mzani. Yule aliyekataliwa na mzani, ambaye hakutakiwa kuvuliwa kabisa, ndiye anayeingia chunguni. Familia inakula pweza wa kesho, na wa leo anauzwa.

> Yule aliyekataliwa na mzani, ambaye hakutakiwa kuvuliwa kabisa, ndiye anayeingia chunguni.

Wapo wanaosema hakuna tatizo. Hoja yao ni nzito na haifai kupuuzwa. Pesa ya pweza mmoja mkubwa hununua unga, sabuni na daftari la mtoto. Mama aliye na watoto wanne shuleni hawezi kuambiwa amle pweza kwa sababu ya desturi. Auze, apike muhogo kwa dagaa, na ampelekee dada yake huo huo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Wengine huona kuwa kitoweo kimelindwa tangu zamani na desturi ya wavuvi wenyewe: kabla ya kuuza, sehemu ya mavuvi hutengwa iende nyumbani. Chombo kikitua ufukweni kitoweo hutolewa kwanza, bei hufuata. Mnunuzi anaposubiri na barafu inayeyuka, na hasa mvuvi akiwa na deni kwake la miwani au la mafuta ya boti, mpangilio huo hupinduka. Bei kwanza, na kitoweo ni kilichosalia.

Mimi nipo upande wa hawa wa pili. Watoto wa ghuba hii wana haki ya kula kinachotoka kwenye mwamba wao, na kukila kikiwa kizuri. Nyama ya pweza ni protini na chuma, vitu ambavyo muhogo hauna vya kutosha. Kijiji kinachouza kilicho bora na kula muhogo mtupu kimeuza pia afya ya wanawe, na hilo haliandikwi kwenye risiti.

Fungua simu, tuma

Mshindani mwingine wa chungu yumo mfukoni. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na leo kijana wa Utende anayefanya kazi katika hoteli za hapa ufukweni humtumia mama yake wa Jibondo fedha kabla mashua haijang'oa nanga. Pesa haichachi, haimwagiki, haingoji maji kujaa. Kwa aliye Dar es Salaam au Muscat, ndiyo njia pekee.

Pesa hizo ni msaada wa kweli na hakuna wa kuzibeza. Ila kuna mahali hazifiki. Mwanamke mwenye siku tatu tangu ajifungue akitumiwa fedha, bado anahitaji mtu wa kwenda dukani, wa kukuna nazi na kuwasha moto. Akipelekewa uji wa pilipili manga na sufuria ya muhogo kwa pweza, kazi yote imekwishafanywa na mtu mwingine, na mtu huyo amefika kwa miguu yake, amemwona mtoto, ameona kama mama ana homa. Mzee anayeishi peke yake Chole atapokea fedha asubuhi na jioni akalala na njaa kwa kukosa nguvu ya kupika. Mleta chungu atagundua hilo siku hiyo hiyo, kwa kuikuta sufuria ya juzi haijaguswa.

Kuni, gesi na mikono

Hifadhi ya Bahari Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, ilianzishwa mwaka 1995. Ina kilomita za mraba 822, na makao yake makuu yako hapa hapa Utende. Mikoko haikatwi kiholela tena kwa kuni, na ni sawa, kwa kuwa ndiko wanakokulia samaki. Kwa upande wa taifa, Mkakati wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka wa mwisho.

Moshi wa makumbi jikoni ni adui. Macho mekundu na kifua kinachokoroma cha mwanamke aliyepika miaka arobaini ni ushahidi tosha, na sitaki kumpamba moshi kwa jina la mila. Lakini mtungi wa gesi unaofika Mafia umevuka bahari kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, na gharama ya safari imo ndani ya bei. Makumbi yako chini ya mnazi, bure. Kwa hiyo nyumba nyingi zenye gesi huitumia kwa chai na mboga ya haraka, na sufuria ya ndugu hurudi kwenye mafiga matatu. Gesi haina moto wa juu, husema wapishi, na ni kweli. Hata hivyo, chungu kinaweza kuchemshiwa kwenye gesi kwa sehemu ndefu ya kazi, kikamaliziwa nje, uani, kwa makaa machache ya vifuu yasiyotoa moshi. Hilo lingepunguza saa za moshi bila kuuharibu muhogo, na halihitaji mradi.

Nani hasa anapika? Mwanamke huyo huyo aliyesimama mwambani tangu saa nne, akiwa amefunga, ndiye anayekuna nazi saa saba, kukaa na tui saa nane na kubeba sufuria saa tisa. Kisha hurudi kupika futari ya nyumbani kwake. Wasichana wa Utende wenye ajira hotelini wamekwishaiona hesabu hiyo, na baadhi yao wameamua kutuma pesa tu. Siwalaumu. Desturi inayosimama juu ya mgongo mmoja haiwezi kudai kuwa ni ya ukoo mzima. Mwanamume anayepanda mnazi na kufua nazi anajua pia kukaa juu ya mbuzi na kuikuna. Kwenye majahazi wanaume wamejipikia tangu zamani, wali wa nazi ukiwamo, na hakuna aliyewacheka.

Siku ya kufungua mwamba

Huko Andavadoaka, Madagascar, wanakijiji waliufunga mwamba wao wa pweza kwa miezi kadhaa kuanzia mwaka 2004. Walipoufungua walivua pweza wakubwa kuliko waliowazoea, na mpango huo ukaenea. Kwetu, wavuvi wa Kisiwa Panza, Pemba, ni miongoni mwa walioufuata. Pweza hukua haraka mno, kwa hiyo miezi michache ya subira hulipa.

Wasiwasi uko kwenye siku ya kufungua. Wanunuzi hufika na mizani na barafu nyingi kuliko siku nyingine yoyote, kila mtu akashuka mwambani, na kufikia maji kujaa pweza wote wakubwa wameshapakiwa. Kijiji kimesubiri miezi mitatu bila kitoweo, na jioni ya neema bado kinakula muhogo kwa dagaa.

Vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, ndivyo vinavyosaidia kuweka taratibu za ufukweni, na kamati za vijiji hukaa mezani na Hifadhi. Vinaweza kuamua jambo moja jepesi: popote mwamba unapofungwa na kufunguliwa, pweza wa kwanza wa kila kaya aliyefikisha nusu kilo asipande mzani. Aende nyumbani. Mnunuzi aanze kupima kuanzia wa pili. Halihitaji sheria ya Bunge wala mfadhili. Linahitaji mkutano mmoja wa kijiji kabla ya bamvua, na linahitaji wanawake wa nondo wawemo ndani ya mkutano huo, si nje ya mlango wakimenya muhogo wa wajumbe.